Urithi Usiopimwa kwa Kamba

Hotuba ya maafisa wa uhusiano wa jamii mbele ya baraza la wazee, makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilaya ya Isingiro



Tumetoka Mbarara alfajiri, tukapita katikati ya migomba na makundi ya ng'ombe wenye pembe ndefu, na njia nzima tulikuwa tukiulizana tuje kuwaambia nini. Mmezoea kutuona tukija na habari za wizi wa mifugo, za magendo ya mpakani, za vijana waliopigana sokoni. Leo hatukuja kutangaza amri, wala hatumtafuti mtu. Tumekuja kuzungumza nanyi habari ya uzee, na habari ya kile ambacho binadamu hukiacha nyuma anapoondoka. Huenda mkajiuliza: polisi na uzee, wapi na wapi? Tuvumilieni kidogo. Kabla hatujaketi mtaona kwamba jambo hili limo katika daftari zetu kuliko mnavyodhani.

Kwanza, sisi wenyewe tunazeeka. Wapo miongoni mwetu walioingia kazini nywele zikiwa nyeusi, na sasa kofia ndiyo inayowasitiri. Utumishi wa umma unatutaka tuvue sare tufikapo umri wa miaka 60, na baadhi yetu siku hiyo twaihesabu kwa miezi. Usiku wa zamu ni mrefu, na mtu aliyekaribia kustaafu hujiuliza maswali ambayo ujanani hakuwa na nafasi nayo: nilikuja kufanya nini, na nitaacha nini? Tulipokuwa vijana tuliipima kazi yetu kwa idadi ya watu tuliowakamata. Leo hakuna hata mmoja wetu anayeikumbuka idadi hiyo. Tunachokumbuka ni nyuso; na nyuso zinazotujia usiku si za wale tuliowakamata, bali za wale waliotujia wakiwa na haja, nasi tukawaacha waende zao.

Basi tuliposikia kwamba baraza hili limeitishwa, tulisema: twendeni, wazee wa Nakivale wanalijua swali hili kuliko sisi.

Makazi haya yalianzishwa mwaka 1958. Mtoto aliyezaliwa hapa siku zile za mwanzo sasa naye ni mzee. Walitangulia Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya mwishoni mwa miaka ya 1950. Wakafuata kwa nyakati mbalimbali ndugu zetu wa Kongo, wa Burundi, wa Somalia, wa Ethiopia na wa Eritrea. Leo wanaishi hapa watu zaidi ya laki moja. Kila kaya iliyopokelewa kwa ajili ya kulima ilionyeshwa kipande chake. Kamba ikavutwa, vigingi vikapigwa, jembe likatolewa, maisha yakaanza upya.

Lakini mnaijua sheria, nasi ni wajibu wetu kuikumbusha. Uganda ina Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 na kanuni zake za mwaka 2010. Kwa mujibu wa kanuni hizo, ardhi ya makazi hupewa mkimbizi aitumie kwa kulima na kufuga. Hana haki ya kuiuza, wala kuipangisha, wala kuihamisha kwa mwingine kwa njia yoyote kana kwamba ni mali yake. Migogoro mingi inayofika mezani petu hutokana na watu waliouziana kile ambacho si chao kukiuza, na mwisho wake ni kwamba muuzaji na mnunuzi wote wawili hupoteza.

Kwa hiyo mzee wa Nakivale akiulizwa, "Utawaachia nini wanao?", hawezi kujibu kama angelivyojibu baba yake kule Masisi au Ruyigi, wala kama anavyojibu jirani yake wa Kabingo mwenye migomba aliyoirithi kwa babu. Hawezi kunyoosha mkono na kusema, "Kuanzia mti ule hadi kijito kile." Tumewasikia wengi wenu mkisema kwa sauti ya chini, "Sisi hatuna cha kuacha." Wengine mmesema, "Sisi ni watu wa kadi ya mgao tu."

Neno hilo ndilo tuliloondokea Mbarara ili tulikanushe. Tena tutalikanusha kwa kuanza na kosa letu wenyewe, kwa maana haifai kumwambia mtu mzima afagie uwanja wake ilhali wako hujaufagia.

Miaka michache iliyopita, katika kituo kimoja tulichofanyia kazi, alifika mzee wa Kikongo akitembelea fimbo. Alisema ana maneno anataka yaandikwe. Tulimwuliza kama ameibiwa, akasema hapana. Tulimwuliza kama amepigwa au ametishwa, akasema hapana. Akaanza kueleza kwamba mwaka 2008, vita vilipoikumba Rutshuru na watu wakakimbilia Bunagana, alimkuta mtoto wa kike, wa miaka kama mitatu, ameketi barabarani kando ya mwili wa mama yake. Alimbeba mgongoni, akavuka naye mpaka, na walipoletwa Nakivale mtoto akaandikwa kuwa ni mjukuu wake. Majirani walimjua hivyo, na mtoto mwenyewe alikua akijua hivyo. Ila mzee alilijua jina la yule mama na kijiji alikotoka, maana wenzake wa msafara walivitaja siku ile. Sasa kifua kilikuwa kinamsumbua, na aliona si haki kuondoka duniani na maneno yale bila kuyakabidhi.

Tulimjibu nini? Tulimwambia kwamba hilo si kosa la jinai. Tulimwambia kwamba kituo si mahali pa historia za familia, na kwamba akitaka kuandikiwa jambo basi akalete kwanza barua ya mwenyekiti wake. Hatukumtukana. Tulisema kwa adabu, huku tukitazama saa. Mzee akatushukuru, akaikamata fimbo yake, akaenda. Baada ya majuma mawili tukasikia kwamba kifua kilimzidi, akapelekwa Mbarara kutibiwa, na huko akafariki bila kuweza kusema tena.

Binti alikuja kituoni miezi kadhaa baadaye. Katika ugomvi wa foleni ya maji, mtu alimtupia neno: "Wewe hata kwenu hakujulikani." Alikuja kutuuliza kama ni kweli kwamba babu yake alifika kwetu, na kama kuna jina aliloliacha. Tulifungua daftari la siku ile, ingawa tulijua tusingekuta kitu. Tulikuta wizi wa baiskeli na ugomvi wa walevi wawili. Jina la mama yake halikuwamo.

Tulifanya tulichoweza. Kwa msaada wa viongozi wa kanda tuliwatafuta watu waliokuwa katika msafara ule, tukampata bibi mmoja, mwenye umri mkubwa, anayekikumbuka kijiji lakini jina limemtoka. Kwa habari hiyo chache suala lilipelekwa kwa Msalaba Mwekundu, ambao kazi yao mojawapo ni kuwatafuta jamaa waliopotezana vitani. Binti bado anasubiri. Sisi nasi tunasubiri pamoja naye.

Ndugu zetu, tafakarini habari hii. Mzee yule hakuwa na shamba la kurithisha wala ng'ombe wa kugawa. Kwa hesabu ya dunia alikufa maskini. Hata hivyo alikuwa na jina moja ambalo, kwa kadiri tulivyoweza kutafuta, hakuna mwingine aliyelihifadhi. Na kwa binti yule jina lile lina thamani kupita shamba lolote la Isingiro. Alijua kwamba anacho kitu. Alikuja na fimbo yake kukikabidhi. Kilichokosekana ni mtu wa kukipokea.

Tangu siku ile hatukubali tena mtu atuambie kwamba mzee wa makazi hana cha kuacha. Kila mmoja wenu amebeba jambo ambalo halimo katika kompyuta ya ofisi yoyote: nani alizaliwa na nani, nani alifia wapi, akazikwa na kina nani, njia ipi mlipita, deni gani lililipwa na lipi halijalipwa, dawa ipi ya mti hutibu ndama, wimbo gani mama yenu aliimba akisaga. Huo ni urithi usiopimwa kwa kamba. Na kwa kuwa haupimwi kwa kamba, hauna kigingi cha kuulinda. Mwenyewe akiondoka bila kusema, huondoka naye.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Tumeyaona maneno hayo yakitimia hata kwa vitu vidogo vya nyumbani. Alikuwako fundi cherehani, mtu wa watu, aliyeshona sare za watoto wa shule na kanzu za harusi. Alifariki ghafla. Kabla ya matanga kwisha, wanawe wawili walianza kuvutana juu ya cherehani; kila mmoja alidai kwamba baba alimwahidia yeye. Jirani akatokea akasema mashine ile iliwekwa kwake rehani. Kikundi cha akiba nacho kilikuwa na fedha za marehemu ambazo nyumbani hapakuwa na aliyezijua. Jioni moja panga likachomolewa. Mmoja alijeruhiwa mkono, mwingine akalala mahabusu. Cherehani ililetwa kwetu kuwa kielelezo cha kesi, ikakaa ghalani ikipata kutu. Mjane, ambaye kila mtu alikuwa amemsahau katika ugomvi ule, alibaki nyumbani na wajukuu bila chombo cha kuwapatia riziki.

Fundi yule hakuwa mtu mbaya. Alipendwa. Alichokosa ni jioni moja ya maneno. Angewaita wanawe wawili, mama yao na mtu mzima mmoja wa nje, akasema: "Cherehani nampa huyu, maana ndiye aliyejifunza kazi. Akiba iliyo katika kikundi ni ya huyu. Jirani ananidai kiasi hiki, nacho kilipwe kwanza. Mama yenu asiguswe." Maneno hayo hayazidi muda wa kunywa kikombe cha chai. Kwa kukosekana kwake, damu ilimwagika.

Wengi mnaogopa kusema maneno hayo kwa kudhani kwamba kuyasema ni kukiita kifo. Sisi tumehudhuria vifo vingi kwa sababu ya kazi yetu, na hatujaona kifo kilichokuja kwa kuitwa na wosia. Tumeona tu nyumba ambazo kifo kilizikuta zimejiandaa, na nyumba ambazo kilizikuta hazijajiandaa, kisha ugomvi ukakifuata kifo mlangoni.

Mkipenda kuandika, sheria ya Uganda haikutaka mambo makubwa. Wosia huandikwa na mtu mzima mwenye akili timamu, kwa hiari yake. Autie saini au alama ya kidole mbele ya mashahidi wasiopungua wawili, nao waweke saini zao. Tunawashauri mashahidi wasiwe wale wanaorithi, ili asiwepo wa kuutilia shaka. Mkumbuke pia kwamba Sheria ya Urithi ilifanyiwa marekebisho mwaka 2022, na kwamba inamlinda mjane na watoto wasitolewe katika nyumba waliyokuwa wakiishi na marehemu. Anayemtupia mjane virago nje siku ya arobaini asije akadhani kwamba hilo ni jambo la ukoo tu. Ni jambo la sheria, na mlango wetu u wazi kwa mjane huyo. Polisi haigawi mirathi, na hatutaki kujitwalia kazi ya mahakama wala ya viongozi wa dini zenu. Lakini tunaweza kuwaonyesha njia, na tunaweza kuzuia panga lisichomolewe.

Kuna urithi mwingine ambao tunauogopa kuutaja, lakini tukinyamaza tutakuwa tumewadanganya. Chuki nayo hurithiwa. Katika Nakivale wapo waliokimbia upande huu wa vita, na jirani zao ukuta kwa ukuta ni waliokimbia upande ule wa vita hivyohivyo. Ninyi wazee mmejifunza kuishi pamoja, kuazimana chumvi na kuzikana. Lakini mara nyingine tumewatenganisha vijana waliopigana uwanjani baada ya mpira, na tulipowahoji tulikuta wanapigania vita ambavyo vilikwisha kabla hawajazaliwa, katika nchi ambayo hawajawahi kuikanyaga. Waliyatoa wapi maneno yale? Hawakuyaokota barabarani. Waliyasikia jikoni na barazani, usiku, watu wazima walipodhani kwamba watoto wamelala.

Hatuwaombi msahau. Nani atamwambia mama aliyezika wanawe njiani kwamba asahau? Tunawaomba mseme yote. Mnapowasimulia wajukuu habari ya yule aliyewachomea nyumba, wasimulieni pia habari ya yule aliyewaficha. Wengi wenu mko hai leo kwa sababu mtu wa upande wa pili aliwafungulia mlango, au alinyamaza alipoulizwa, au aliwavusha kwa mtumbwi wake bila malipo. Mtu huyo naye ni sehemu ya ukweli. Mkimwacha nje ya simulizi, wajukuu watarithi nusu ya historia, na nusu hiyo ndiyo inayokata kama panga.

Sasa tuseme habari ya kazi isiyokwisha. Mtu akizeeka huona uchungu kwamba aliyoyaanza hatayamaliza. Ndugu zetu wa Burundi wanamkumbuka Mwalimu Julius Nyerere. Aliuacha urais wa Tanzania mwaka 1985, na angeweza kubaki Butiama akilima. Mwaka 1996, akiwa amepita umri wa miaka 70, aliipokea kazi ya kuwapatanisha Warundi, na akaifanya hadi nguvu zilipomwisha. Alifariki tarehe 14 Oktoba 1999, mkataba haujapatikana. Kazi ile ikapokewa na mzee mwingine, Nelson Mandela, aliyekuwa na umri wa miaka 81. Na tarehe 28 Agosti 2000 mkataba ukatiwa saini mjini Arusha. Haukumaliza kila kitu. Wapo hapa waliokimbia tena mwaka 2015. Lakini wa kwanza hakuikataa kazi kwa sababu hataona mwisho wake, na wa pili hakuona haya kushika mpini uliopata joto mikononi mwa mwenzake.

Msiseme kwamba hao ni wakubwa na ninyi ni wadogo. Tumeona jambo la namna hiyohiyo hapa, kwa kipimo cha hapa. Kulikuwa na ugomvi wa kila kiangazi kati ya wafugaji wenyeji na wakulima wa makazi juu ya njia ya ng'ombe kwenda ziwani. Ng'ombe hukanyaga mahindi, mkulima hurusha jiwe, mfugaji huleta fimbo, nasi huitwa usiku. Wazee wawili, mmoja mfugaji Mnyankole na mwingine mkimbizi wa siku nyingi, walikubaliana njia ipite wapi. Kisha wakafanya jambo ambalo sisi tusingelifikiria: kila mwaka, kabla ya kiangazi, waliitembea njia ile kwa miguu pamoja na vijana wa pande zote mbili, wakiwaonyesha mti kwa mti, jiwe kwa jiwe. Hawakuwa na ramani. Walipochoka walikaa chini, wakanywa maziwa kutoka kibuyu kimoja, vijana wakiwatazama.

Mmoja wao amekwisha kutangulia mbele ya haki. Kiangazi kilichofuata tulikaa tukisubiri kuitwa. Hatukuitwa. Vijana walikwenda wenyewe kumchukua yule mzee aliyebaki, wakaitembea njia pamoja naye kwa mwendo wake wa polepole. Hakuna jengo lililopewa jina la wazee wale, wala jiwe la kumbukumbu. Ipo njia, ng'ombe wanapita, mahindi yamesimama. Sisi polisi tunausoma urithi wao katika kurasa za daftari ambazo hazikuandikwa kitu.

Enyi vijana, nasi tuwageukie ninyi. Msingoje mzee aanze kusema. Wazee wengi wananyamaza kwa sababu wanadhani hamtaki kusikia, nanyi mnanyamaza kwa sababu mnadhani hawataki kuulizwa. Nendeni jioni na stuli yenu, kaeni, ulizeni swali moja tu: "Babu, ulipokuwa na umri wangu ulikuwa unafanya nini?" Mengine yatakuja yenyewe. Andikeni katika daftari la shule, au rekodini kwa simu. Penye wazee haliharibiki neno. Lakini wazee hawadumu, na neno lisiposhikwa na kijana litaharibika hata kama lilisemwa vizuri.

Nanyi wazee, tunaomba ruhusa ya kuwashauri, ingawa ninyi ni wakubwa wetu. Chagueni jambo moja tu ambalo mnalijua peke yenu, mliseme mwezi huu kwa mtu mnayemwamini. Chagueni ugomvi mmoja, mwende kuumaliza kwa miguu yenu wenyewe, maana dawa ya deni ni kulipa, na neno la kuomba radhi nalo ni deni. Chagueni kijana mmoja, awe wa kwenu au wa jirani, mumkabidhi kazi ya mikono yenu. Mtu aliyeyafanya hayo matatu hawezi tena kusema kwamba hana cha kuacha.

Sisi nasi hatuwezi kuwashauri kisha tukaondoka mikono mitupu. Tuliosimama mbele yenu tunawaahidi hili, na mtudai: mzee akija kwetu akisema ana maneno anataka yaandikwe, hatutamwuliza kwanza kama ameibiwa. Tutampa kiti na maji. Tutaandika jina lake, tarehe, na maneno yake katika lugha anayoiweza, iwe Kiswahili au nyingine atakayotafsiriwa na mtu anayemwamini; kisha tutamsomea, naye atatia saini au kidole. Kama jambo lenyewe ni la ofisi nyingine, tutamsindikiza badala ya kumwelekeza kwa kidole. Hatutamrudisha nyumbani kwa sababu ya barua. Tumekwisha kulipa gharama ya barua moja, au tuseme kweli, aliyelipa ni yule binti.

Na maneno haya yatakapochapishwa katika jarida letu na kuwafikia wenzenu wa Kikagati, wa Mirama Hills na wa Bunagana, tunawaomba nao wayachukue kama yamesemwa kwao. Watu wa mpakani wanajua kuliko wengine kwamba vitu vingi huachwa nyuma mtu anapovuka. Nyumba huachwa, shamba huachwa, hata makaburi huachwa. Yanayovuka ni yale yaliyo ndani ya mtu. Mlivuka nayo mlipokuja hapa, mkayahifadhi miaka yote hii bila ghala wala kufuli.

Umebaki mvuko mmoja, ambao kila mmoja wetu ataufanya peke yake. Katika mvuko huo hata yaliyo ndani hayabebeki. Ndiyo maana tunawasihi myatue sasa, mikononi mwa watoto, mchana kweupe, mkiwa na pumzi ya kuyaeleza.

Binti tuliyewasimulia habari zake yuko Mbarara anajifunza kazi. Alipopata habari kwamba tunakuja kuzungumza nanyi alitutuma ujumbe mmoja, nasi tumeuacha uwe wa mwisho. Alisema: kama yupo humu mzee au bibi aliyepita barabara ya Rutshuru kwenda Bunagana mwaka 2008, akamwona mama aliyekuwa na mtoto wa kike, hata kama analikumbuka jambo dogo tu, rangi ya kitenge au neno alilosema, tafadhali aje amwambie afisa yeyote aliyesimama hapa. Tutakaa mpaka jioni. Tumekuja na daftari, na kurasa zake ni nyeupe.